Kwa Nini Biashara Inayokua Huishiwa na Pesa?

Je, wajua kwamba muuza samaki wa Malindi anaweza kuwa na pesa nyingi benki mwezi Mei, bahari imechafuka na hoteli kadhaa zimefunga, kisha akakosa za kununulia samaki Desemba, wageni wamefurika? Wala hajaibiwa. Hata hasara hakupata.

Tumchukue anayepeleka hotelini kilo 50 kwa siku. Ufuoni hununua kilo kwa shilingi 350, na mvuvi hangoji: akishusha, apimiwe, alipwe. Barafu (kwa joto letu, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki), tuktuk na vibarua huongeza shilingi 50 kwa kila kilo. Kila siku zinamtoka 20,000. Hoteli hununua kilo kwa 500, yaani 25,000 kwa siku, faida 5,000. Si haba. Ila hoteli hulipa baada ya siku 40.

Hapo ndipo penye kisa. Kabla shilingi ya kwanza haijarudi, atakuwa ametoa 20,000 mara 40, ambazo ni 800,000. Hazijapotea, zimelala kwenye ankara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa daftari lipo, linaonyesha faida kila siku, na mfukoni hamna kitu.

Desemba ikaingia, pepo za Kaskazi zimeshika, hoteli yataka kilo 100. Mwenye biashara anafurahi, na hapo ndipo balaa inapoanza: 40,000 kwa siku mara 40 ni 1,600,000, kwa hiyo atafute 800,000 nyingine. Akitaka kuzikusanya kwa faida ya zile kilo 50 za awali, 5,000 kwa siku, itamchukua siku 160. Msimu wenyewe, Desemba hadi Machi, haufiki siku 125. Pepo za Kusi zikianza kuvuma mambo hugeuka: ananunua kidogo huku ankara za Februari na Machi zikilipwa. Akaunti inanona. Wengi hununua gari wakati huo wakidhani ni faida, kumbe ni mtaji wa Desemba unaorudi nyumbani.

Ndiyo maana mbele ya mwekezaji, "nataka milioni moja nikuze biashara" ni maneno matupu. Mwambie: kila kilo 50 ninazoongeza zinalaza 800,000 kwa siku 40. Hesabu hiyo anaielewa, na inamwonyesha kwamba unaijua biashara yako. Hata hivyo, pengo la namna hii lisizibwe kwa kuuza hisa. Mkopo hulipwa ukaisha. Hisa ukishaiuza, mwenzio atakula nawe hata msimu ambao pesa yake huihitaji. Hisa ziuze kwa ajili ya vitu ambavyo pesa yake hairudi upesi, kama chumba cha baridi au boti.

Tena kabla ya kukopa, punguza siku zenyewe, maana kila siku moja ni 20,000. Hoteli ikivuta kutoka siku 40 hadi 50, umefungiwa 200,000 zaidi, faida ya siku 40 nzima. Na mara nyingi hoteli haina lawama. Ankara hailingani na LPO, ile hati ya hoteli ya kuagiza mzigo. Hati ya kupokelea mzigo haina sahihi ya stoo. Au hoteli hufunga hesabu tarehe 25 na ankara yako ikafika 26, basi inakaa mpaka mwezi ujao. Uliza tarehe hiyo siku ya kwanza, na upeleke ankara kila wiki badala ya kurundika za mwezi mzima.

Waweza pia kutoa punguzo la asilimia 3 kwa atakayelipa ndani ya siku 7. Pesa inayolala hushuka hadi 140,000, na 660,000 zinafunguka. Si bure: unaacha 750 kwa siku, 22,500 kwa siku 30, sawa na kukopa hizo 660,000 kwa takriban asilimia 3.4 kwa mwezi. Ukipata SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya kukukopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi, kopa, na punguzo liache. Ukikosa, toa punguzo, na ulitoe kwa wateja wakubwa tu.

Usingoje Novemba kuanza kutafuta. Mazungumzo ya mkopo au ya uwekezaji yanaweza kula miezi, na huyo mwenye pesa atataka kuona taarifa za akaunti. Ukienda Novemba ataikuta imekauka. Nenda Juni, ingali imenona, na umweleze mwenyewe kwa nini imenona kabla hajakuuliza kwa nini basi unakopa.