Antibiotiki zinazotoka udongoni: maswali na majibu

Ni kweli dawa za antibiotiki hutoka kwenye udongo?

Nyingi, ndiyo. Streptomaisini, antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani. Ilipatikana kwa bakteria wa udongoni, Streptomyces griseus. Ile harufu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha, kwa sehemu kubwa ni kazi ya jamii yake.

Je, bakteria huyu hutengeneza dawa muda wote?

Hapana, na hapa ndipo penye utamu. Chakula kikiwa tele, yeye hukua tu, akitandaza nyuzi zake udongoni, na jeni za dawa, yaani maagizo ya kuitengeneza yaliyo ndani ya seli zake, zimezimwa. Chakula kikipungua, huanza kuchipusha nyuzi za juu zitakazobeba spora, yaani chembe ndogo za kuzaliana. Ni katika kipindi hicho jeni za dawa huwaka. Ndugu yake, Streptomyces coelicolor, hulionyesha jambo hili waziwazi: kwenye sahani ya maabara huanza kama doa lililopauka, kisha baada ya siku chache rangi ya buluu husambaa kulizunguka. Buluu hiyo ni antibiotiki yake, aktinorodini.

Nani huziwasha jeni hizo za dawa?

Kwa Streptomyces griseus, ni kemikali anayoitoa mwenyewe. Kadiri anavyokua, ndivyo inavyojikusanya. Ikifikia kiwango fulani, huiondoa protini iliyokuwa imefunga njia, na jeni huamshana moja baada ya nyingine hadi streptomaisini itengenezwe.

Mbona haimuui yeye mwenyewe?

Kwa sababu jeni ya kumkinga huwashwa sambamba na zile za dawa. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya, protini inayobandika kipande cha kemikali kiitwacho fosfeti kwenye streptomaisini, nayo ikapoteza makali. Kwa hiyo usugu, yaani uwezo wa bakteria kuhimili dawa, ulikuwepo kabla ya hospitali yoyote, na jeni za namna hii zinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ukimeza antibiotiki kwa mafua, ambayo ni ya virusi, hayatapona kwa dawa hiyo. Utakachofanya ni kuua bakteria dhaifu mwilini na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana.

Basi nikipaka udongo kwenye kidonda nitapona?

Usithubutu! Udongo huohuo una spora za pepopunda. Osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha nenda kituo cha afya ukaulize kama unahitaji chanjo.