Transkripti ya mtoto uliyemsomesha nyumbani: muhuri wa nini jamani?

Wiki hii tena kaniuliza mama mmoja wa Texas, mtoto kamsomesha mwenyewe mpaka kamaliza haiskuli, sa anatafuta ofisi ya kumgongea muhuri transkripti, ile karatasi ya masomo na gredi zake ya kuombea chuo. Hamna ofisi mama yangu, ofisi ni wewe! Mahakama ya Juu ya Texas ilishasema tangu 1994, kwenye kesi ya Leeper, homskuli ni shule binafsi, kwa hiyo wewe ndo mwalimu mkuu, unaandaa, unasaini, unaweka tarehe, basi. Najua tuliokulia kwenye NECTA na KNEC karatasi isiyo na muhuri tunaiona ya kufungia maandazi, na kuna watu wanalipa mtandaoni wapate tu nembo ya dhahabu. Chuo kimoja kimoja kinaweza kutaka saini ishuhudiwe na notari, soma ukurasa wao wa admisheni. Kwenye Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, mzazi ndo anakaa nafasi ya mshauri wa shule, na transkripti anaipandisha yeye.

Wakati mnahangaika na muhuri, krediti, yaani pointi za kila somo kwenye transkripti, mnazijaza ovyo. Krediti 1 ni kama saa 120 za somo, au kitabu cha mwaka kilichomalizwa. Halafu naletewa "Kiswahili, krediti 4" kisa nyumbani mnaongea Kiswahili! Kumsalimia bibi kwenye simu sio kozi. Alisoma nini, aliandika insha ngapi, nani alisahihisha? Kama vipo, andika krediti yake kwa raha zote na uambatanishe maelezo ya kozi, maana hapo ndo afisa wa admisheni anaona kazi imefanyika. Kama havipo, futa. Na neno AP usilibandike kama College Board, wenye hizo kozi na mitihani ya AP ya kiwango cha chuo, hawajapitisha silabasi yako, andika Biolojia ya Juu, mtihani wa AP mtoto anaweza kuufanya hivyo hivyo.

GPA sasa, ule wastani wa gredi... mtoto ana 4.0, yaani A tupu, kutoka kwa mwalimu aliyemzaa, hata mimi nikiiandika nasita, sijui anayeisoma anaipa uzito gani. Ndo maana nasukuma watoto wachukue hata kozi mbili chuo cha jamii (community college), zile gredi anatoa mtu baki, na transkripti yake inatumwa na chuo chenyewe, usiishike wewe.

Akishamaliza tuma transkripti ya mwisho yenye tarehe ya kuhitimu, hiyo mnaisahau kila mwaka.