Sonona ya ndugu zetu walio nje: yanayosemwa Moshi, na ukweli wake

"Kijana wetu yuko Marekani, ana kazi, anatuma hela kila mwezi. Sonona ataitoa wapi?"

Uchagani, ambako koo nyingi zina mtu nje, usemi huu ni wa kawaida, na unaumiza. Sonona ni ugonjwa wa akili, huzuni nzito au kukosa hamu kusikoisha, na hela haipimi afya. Wapo wanaotuma wakiwa wagonjwa, wapo wanaokopa ili watume, maana mahitaji ya nyumbani hayaishi: ada, bati, matibabu ya bibi. Fikiria mtu aliyekuwa mwalimu hapa, leo anaogesha wazee zamu ya usiku. Vibali vyake havijakamilika, kwa hiyo hata baba yake alipozikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, hakuweza kuja. Huzuni hiyo anaibeba peke yake.

"Angekuwa anaumwa, tungemsikia akilia."

Hapa ndipo tunapopotea zaidi. Kwa wahamiaji wengi sonona hujitokeza mwilini: kichwa, mgongo, tumbo, kifua kubana, moyo kwenda mbio, uchovu usioisha. Damu inapimwa, picha zinapigwa, hakionekani kitu. Mama anapiga simu, ameweka spika ili wote jikoni wasikie, anajibiwa, "Mimi mzima, mama, ni mgongo tu na hii baridi." Na mgongo unamuuma kweli, hasingizii. Ila sikilizeni na mengine: usingizi umekata, chakula hakipiti, kwaya au mpira aliokuwa akiupenda haumvutii tena, anajilaumu kwa kila kitu. Wengine, hasa wanaume, huwa wepesi wa hasira au huzama kwenye pombe. Majonzi au kukosa hamu ya mambo, pamoja na dalili kama hizi, yakidumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku, amwone daktari na amweleze yote, si mgongo peke yake.

Asipokuja Krismasi miaka mitatu mfululizo, tusikimbilie kusema ana maringo. Kujitenga nako ni dalili.

"Ni ugeni tu, atazoea."

Upweke wa miezi ya mwanzo kweli hupungua kwa wengi. Lakini tafiti za Marekani na Canada zimeonyesha kuwa wahamiaji wengi hufika wakiwa na afya ya akili nzuri kuliko wenyeji, kisha nafuu hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo aliyekaa miaka kumi naye aulizwe hali.

Dawa za sonona hazimfanyi mtu teja. Huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na asiziache ghafla bila daktari. Tiba ya mazungumzo pia ipo, na haimzuii mtu kusali.

"Ukimuuliza habari za kujiua, utamtia wazo."

Si kweli. Kuuliza kwa upole humpa nafasi ya kusema. Akikubali kuwa anawaza hivyo, usikate simu. Mwingine hapo nyumbani amtafute rafiki yake wa huko aende alipo. Akiwa Marekani apige 988, Uingereza 116 123; zote ni simu za msaada, hupokelewa usiku na mchana.