Mtoto wa jicho hangojwi aive: maswali kuhusu mba ya ndani ya jicho

Juzi mzee mmoja wa Likoni aliletwa kliniki na bintiye. Kwa miaka miwili majirani walimwambia jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi, angoje aive. Nilimfunika la kulia, nikampungia mkono mbele ya uso. Hakuuona. Ugonjwa wake unaitwa sudoeksfolieshoni, na sitaki kumpokea mwingine katika hali ile.

Ni ugonjwa gani huo?

Ni chembechembe nyeupe za protini ambazo mwili huzitengeneza zikagandia juu ya lenzi na ukingoni mwa mboni. Mimi huiita mba ya ndani ya jicho. Huwapata zaidi waliopita miaka 50. Daktari wa Ufini, John Lindberg, aliieleza mwaka 1917, lakini msidhani ni ya Wazungu: majirani zetu wa Ethiopia wanayo kwa wingi.

Mbona siioni kwenye kioo?

Hutaiona. Ukiweka kidevu kwenye mashine yetu, mboni ikishapanuliwa kwa dawa, sisi tunaona duara la mba katikati ya lenzi, halafu pete safi, halafu mba tena. Pete hiyo imefagiwa na ule utando wa rangi unaoizunguka mboni, kila mboni inapopanuka na kusinyaa. Kwa kusuguana huko utando nao huchubuka, na rangi yake pamoja na mba huziba njia ya kutolea maji ya jicho. Maji yakikosa pa kutokea, presha ya jicho hupanda na neva ya kuonea hufa taratibu. Hiyo ndiyo glakoma, na ya aina hii huharibu haraka kuliko ile ya kawaida.

Jicho haliniumi. Si nije likiniuma?

Hapana. Mara nyingi haliumi kabisa. Glakoma huanza kula pembeni: unagonga fremu ya mlango, humwoni anayekupita ubavuni, unasema ni uzee. Neva iliyokufa hairudi, si kwa matone, si kwa upasuaji.

Lakini nimeambiwa ni mtoto wa jicho tu, nisubiri aive.

Usisubiri. Narudia, wazee wangu: msisubiri. Mba hii na mtoto wa jicho mara nyingi hukaa jicho moja, na nyumbani hakuna awezaye kujua ni nani anayekupofusha. Mtoto wa jicho hutolewa ukaona. Glakoma ikishakula, imekula. Isitoshe, mba hulegeza nyuzi zinazoshikilia lenzi na kuizuia mboni kupanuka vizuri. Ukingoja lenzi iwe ngumu kama kokwa, upasuaji unakuwa wa hatari zaidi: nyuzi zaweza kukatika, lenzi ikadondokea nyuma ya jicho. Anayekwambia ungoje aive anakupotezea jicho, hata kama anakupenda.

Matone ya duka la dawa je?

Hili nalo linanichosha. Mtu anatia matone aliyoachiwa na shemeji yake. Baadhi yana steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi zaweza kupandisha hiyohiyo presha ya jicho. Acheni.

Nameza dawa za presha tayari.

Hiyo ni presha ya damu. Ya jicho hupimwa kwenye jicho.

Mba hii iko jichoni peke yake?

La. Imeonekana pia kwenye ngozi, moyo, mapafu, ini na figo. Tafiti kadhaa zimeihusisha na maradhi ya moyo na mishipa, na uziwi, ingawa hazikubaliani zote. Usitishike, pima presha ya damu na sukari kama mtu yeyote wa umri wako.

Inatibika?

Mba yenyewe hatuna dawa ya kuiondoa. Presha tunaishusha: kwa matone ya kila siku, leza, au upasuaji. Chupa ikiisha, nunua nyingine. Matone hayasimamishwi kwa kuwa unajisikia vizuri.

Nikifika niseme nini?

Sema upimwe presha ya macho yote mawili, hata kama moja tu ndilo lenye ukungu, kisha upanuliwe mboni. Kama utapasuliwa mtoto wa jicho na uliwahi kuambiwa una mba hii, mwambie daktari mapema ajiandae. Na uje na mtu. Mboni ikipanuliwa utaona ukungu kwa saa kadhaa, na feri ya Likoni si mahali pa kupapasa njia peke yako.