Kabla hujauliza hadithi inafundisha nini, uliza nani anasimulia

Jamani, mi nafundisha fasihi hapa Bweyale, Uganda, na kila tukifungua riwaya mpya na wanafunzi wa S.5 (mwaka wa tano wa sekondari) wanakimbilia dhamira, mwalimu hii inatufundisha nini, halafu wanaandika neno moja tu, ufisadi, basi. Ufisadi ni mada tu, dhamira ni kile hadithi inachosema kuhusu huo ufisadi, na huwezi kukipata kama hujamjua anayeongea.

Kwa hiyo msimulizi kwanza. Na msimulizi si mwandishi! Hapo ndo wengi wanakwama. Tuseme mtoto wa miaka minane anasema: "Baba karudi usiku na ng'ombe, kasema kapewa zawadi, ila mama hajamsalimia na asubuhi tumehamia kwa shangazi." Mtoto haelewi kitu, lakini wewe umeshajua huyo ng'ombe kaibiwa. Mwandishi anajua, msomaji anajua, msimulizi ndo hajui, na utamu wote uko hapo. Sasa mtoe mtoto, weka msimulizi maizi, yule anayejua yote mpaka yaliyo moyoni mwa watu, atuingize ndani ya baba tuione njaa iliyomsukuma na woga wake njiani, pengine tutamhurumia. Ng'ombe ni yuleyule, wizi ni uleule, ila dhamira imeshageuka.

Halafu kuna msuko, wengine wanaita ploti. Watu wanadhani ni matukio yenyewe, hapana, ni namna yalivyopangwa na lipi linasababisha lipi. Jennifer Nansubuga Makumbi kwenye riwaya yake Kintu (2014) anaanza na Bwaise hapo Kampala mwaka 2004, mtu anauawa na kundi la watu, ndo anatupeleka Buganda ya 1750. Angeanza na 1750 tungesoma taratibu kama historia ya ukoo, lakini sababu tumeshaona kifo, kila kitu cha zamani tunakisoma tukitafuta chanzo chake. Hamu hiyo ya kutaka kujua ndo taharuki, na kule kurudi nyuma ni mbinu rejeshi. Mi naipenda sana hiyo riwaya, kama hujaisoma itafute.

Mandhari sisemi mengi, ni mahali na wakati, ila usiishie kutaja "kijijini", angalia mahali hapo panawabana vipi wahusika.

Na wahusika wenyewe, ule mgawanyo wa bapa na duara tumeupata kwa E. M. Forster, mwandishi Mwingereza, aliutoa mwaka 1927. Duara anaweza kukushangaza na bado ukamwamini, bapa ana sifa moja na habadiliki. Naomba sana msiandike kwenye mtihani kwamba mhusika bapa ni udhaifu wa mwandishi, maana askari wa geti anayetokea mara mbili kudai kitu kidogo hahitaji kupewa utoto wake na ndoto zake, akipewa atamnyang'anya mhusika mkuu nafasi na hadithi itasimama palepale getini.