Je, wajua kwa nini dawa ya kansa inaweza kukuharisha hata miezi baada ya kuimaliza?

Ukitaja dripu ya kansa wengi wanawaza kemo tu, nywele kudondoka na kutapika. Imunotherapi, yaani dawa zinazoiachia kinga ya mwili yenyewe ipigane na kansa, ni habari nyingine na madhara yake yanakuja kivyake, hapo ndo watu wanachanganyikiwa, na sio wagonjwa peke yao.

Iko hivi. Seli T za kinga zina breki, maarufu ni CTLA-4 na PD-1, zinazozuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, sasa kansa nayo mjanja, inazikanyaga hizohizo breki ili isiguswe. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Nobel 2018 kwa kazi yao hapo. Dawa za imunotherapi kama nivolumab na pembrolizumab zinaachia breki, kinga inaivaa kansa, ila ikishaamka inaweza kuvamia na utumbo, ngozi, ini, mapafu, mara chache hata moyo. Na haizimiki siku dripu inapotolewa.

Chukua tumbo. Mtu katibiwa India karudi zake Dar, alizoea choo mara 1 kwa siku sasa anaenda mara 6, tumbo linasokota, anakimbilia famasi anapewa flajili na dawa ya kufunga. Vimelea vipimwe, sawa, lakini kama utumbo umevimba sababu ya kinga flajili haigusi kitu, na ile ya kufunga inaficha tu hali huku utumbo unaweza hata kutoboka. Kinachotakiwa ni daktari asimamishe imunotherapi na aanzishe stiroidi, dawa za kutuliza kinga, mfano prednisolone, halafu dozi ishushwe taratibu kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi, maana ukiikata mwenyewe eti umepona inarudi. Stiroidi zikigoma ipo infliximab, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ila hiyo inaweza kuamsha TB iliyolala, kwahiyo lazima upimwe TB, na kwa huku kwetu hilo sio la kupuuzia hata kidogo.

Na sio tumbo tu. Kikohozi kikavu kipya na pumzi kukata ukipanda ngazi, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Maumivu ya kifua vilevile. Kiu kali na kukojoa kila saa, pima sukari. Vipele vyepesi mara nyingi ni krimu tu. Uchovu usioisha na kusikia baridi wakati wenzio wanatoka jasho inaweza kuwa thairoidi, ile tezi ya shingoni, imelala, hii mara nyingi hairudi kawaida lakini unapewa kidonge cha levothyroxine na dripu kwa kawaida zinaendelea.

Piga picha jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho ikae kwenye simu, na daktari yeyote utakayemkuta, hata wa zahanati, mwambie kabla hajaandika chochote kwamba ulipewa imunotherapi, sio kemo, hata kama ni mwaka jana.