Mwelekeo ni nini, na unautofautishaje na upepo wa kupita?

Mwelekeo ni badiliko linaloendelea upande mmoja kwa muda mrefu, likisukumwa na sababu isiyoondoka upesi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Watu huona bei ikipanda misimu miwili, wakaamini dunia imegeuka, wakaweka pesa zao zote hapo.

Sisi Uganda tunalijua jambo hili kupitia vanila. Vanila nyingi ya dunia hutoka Madagaska. Mwaka 2000 kimbunga Hudah kiliharibu mashamba ya huko, bei ikapaa, na kufikia 2003 wakulima wa Mukono, Kayunga na Bundibugyo walikuwa wakiipanda kwa bidii. Lakini vanila huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Wengi waliopanda bei ikiwa kileleni walikuja kuvuna wakati imekwisha kuanguka, maana Madagaska nayo ilikuwa imepanda upya. Mwaka 2017 kikaja kimbunga Enawo, bei iliyokuwa juu tayari ikazidi kupaa, na baadaye ikashuka vilevile.

Wakulima hao hawakuwa wajinga. Bei waliiona sawasawa. Swali lililohitajika ni: nini kinaisukuma? Kimbunga hupita, na miche hupandwa tena. Isitoshe, bei nzuri yenyewe huwaita wapandaji wapya kila mahali, na hao ndio huja kuiangusha.

Sasa tazama sensa. Mwaka 1991 tulikuwa watu milioni 16.7, mwaka 2002 milioni 24.2, mwaka 2014 milioni 34.6, na mwaka 2024 milioni 45.9. Msukumo hapa ni watoto ambao wamekwisha kuzaliwa. Hata uzazi ukipungua leo, mtoto aliye darasa la kwanza Soroti au Mbarara atahitaji sekondari, kisha kazi, kisha mahali pa kuishi. Anayejenga nyumba za kupangisha au kuuza mbegu anaweza kulitegemea hilo kuliko bei yoyote ya sokoni.

Kuna pia mambo yanayopanda na kushuka kwa mizunguko mirefu, na haya hudanganya hata watu makini. Ziwa Victoria lilijaa sana mwaka 1964. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka hadi umeme unaozalishwa Jinja, Mto Nile unakotoka ziwani, ukapungua. Mwaka 2020 maji yakarudi kwenye kimo cha 1964 na kuingia majumbani ufukweni. Aliyelitazama ziwa kwa miaka michache tu kabla ya 2006 angeweza kuamini kwamba linakauka, akajenga karibu na maji. Mzee wa ufukweni anayekumbuka miaka ya sitini angemzuia.

Kujirekebisha nako kuna hesabu yake: badiliko linakuja kwa kasi gani, na wewe unahitaji muda gani kugeuka? Mwenye boda boda anaweza kubadilisha steji kesho. Mwenye kahawa hawezi, kwa hiyo yeye lazima aanze mapema, na kwa hatua asizojutia hata kama amekosea kidogo.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya, mnunuzi mkubwa wa kahawa yetu, ulipitisha sheria inayokataa kahawa kutoka ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na inayotaka shamba lijulikane liko wapi hasa. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na wapo wanaosema basi imekufa. Mimi sikubaliani nao. Wanunuzi wanazidi kutaka kujua kahawa imetoka wapi, na kuahirisha tarehe hakuondoi hamu hiyo. Kuandikisha shamba ni gharama ndogo. Kung'oa kahawa yote kwa hofu ni hasara ya miaka.

Hesabu ni ileile kwa mnyauko wa kahawa, ugonjwa ulioonekana nchini mwaka 1993 na kuangamiza kahawa nyingi ya aina ya robusta. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza, Mukono, wamezalisha aina zinazoustahimili. Mkulima asiye na akiba hawezi kung'oa shamba zima akae miaka mitatu bila mavuno. Anaweza kuanza na mistari iliyoathirika zaidi, akaendelea kuchuma kwenye miti mizima huku miche mipya ikikua.